Mashine Inayokimbia Kumshinda Mama

Sindano ilimpata Mama siku ya tatu. Ilipita kando ya ukucha wa kidole cha shahada, mkono wa kushoto, na kabla hajatoa mguu kwa pedali mashine ilikuwa imeshapiga mishono mingine kadhaa pembeni, kama mtu anayetoroka ajali. Alinipigia simu saa tatu usiku. Hakulia.

"Kuja uone hii kitu," alisema. "Imeniuma."

Mimi nilikuwa kwa nyumba yangu ya chumba kimoja, naandika makala ya maneno 1,500 kuhusu mashine za kunyonya vumbi, za mteja mmoja wa Marekani. Sijawahi kumiliki mashine ya kunyonya vumbi. Lakini ndiyo kazi, unalipwa kwa neno, na anayeandika haraka ndiye anayelipa kodi.

Mama ameshona nguo za shule kwa zaidi ya miaka 20, kwa cherehani ya kukanyaga. Ile cherehani ilikwenda kwa mwendo wa miguu yake: akichoka, nayo inachoka. Kazi ya yunifomu ilipopungua, akaingia kwa mikoba ya ngozi. Alijifunza kwa watu wa viatu kule Kariokor, soko ambalo jina lake lilitoka kwa Carrier Corps, wale wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, likatafunwa na ndimi za watu mpaka likawa letu. Alianza kwa mkono, msharasi na sindano mbili, mkoba mmoja kwa siku mbili. Kisha akapata oda ya mikoba 30 na deposti juu. Akakopa kwa chama, akanunua mashine ya kiwanda iliyokwisha tumika. Aliyemuuzia alimwambia hiyo inashona hata matandiko ya punda.

Hakudanganya. Kichwa cha mashine kilikuwa kizuri kabisa, cha ile aina ambayo sindano, mguu wa juu na meno ya chini vinatembea pamoja, ili tabaka mbili za ngozi zisiteleze moja juu ya nyingine. Shida ilikuwa chini ya meza. Mota ilikuwa ya klachi, na kwa kuitazama ilikuwa imehamishwa kutoka kwa mashine ya kushona mashati.

Kwa asiyejua: mota ya klachi ukishaiwasha inazunguka tu, ushone usishone, inakula tokeni za stima huku ikinguruma. Pedali haiongezi moto wala haipunguzi. Inachofanya ni kusukuma kisahani kikutane na gurudumu linalozunguka tayari. Kikishika, kimeshika. Watu waliozoea viwandani wanajua kukibembeleza, vile dereva wa matatu anavyoshikilia gari kwa nusu klachi kwenye mlima na foleni haisongi. Mama hajawahi kuendesha gari.

Na kitambaa ukikosea unafumua. Ngozi hapana. Kila tundu ni la milele, na ukirudia mstari uleule matundu yanakaribiana mpaka ngozi inachanika kama stempu. Nilipofika nilikuta vipande saba vimeharibika, amevipanga vizuri juu ya kitanda, kidole kimefungwa kitambaa. Hivyo vipande ndivyo vilikuwa deposti ya mteja.

Hapa ndipo lazima niseme jambo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, uhandisi wa mitambo. Mama alikuwa amelipa hiyo miaka kwa sketi na kaptula. Nilimwambia nimeahirisha masomo kidogo. Hiyo "kidogo" ilikuwa inaelekea mwaka wa pili, na kila nikienda kwake nilikuwa na stori mpya ya muhula ujao. Kwa hivyo aliponiuliza, "Wewe si ulisomea mashine?", nilihisi tumbo likishuka.

Nikalala chini ya meza na tochi ya simu. Kibao cha mota kilisema mizunguko 2,850 kwa dakika. Nikapima puli ya mota kwa rula: milimita 110. Puli ya kichwa: 90. Hesabu yake ni ya mwaka wa kwanza, hata wa shule ya upili anaiweza. Unazidisha mizunguko kwa puli inayosukuma, unagawa kwa inayosukumwa. Ilikuja 3,483. Hiyo ni mishono 58 kwa sekunde. Kwa mshono wa milimita nne, sentimita 23 za ngozi zinapita chini ya sindano kabla hujamaliza kusema "ngoja". Mama alikuwa akipigana na hiyo kitu kwa vidole.

Dawa ya kisasa ni kutoa mota yote na kuweka ya servo, ile yenye kitufe cha kupunguza mwendo, isiyokula stima ukiwa umetulia. Tuliuliza bei, tukashukuru. Tena nilikuwa nimesoma kwamba baadhi ya zile rahisi, ukizipunguza mwendo sana, zinakosa nguvu: zinakwama kwenye ngozi nene, kisha zinaruka. Puli haina tabia hiyo. Ukipunguza mwendo kwa puli, nguvu inaongezeka. Unachopoteza kwa kasi unakipata kwa msukumo, ukitoa kidogo kinachopotelea kwa mikanda.

Nikachora. Puli ndogo ya milimita 55 kwa mota, ili mwendo ushuke nusu. Halafu mhimili wa katikati chini ya meza, wenye puli mbili: kubwa ya 150 inayopokea kutoka kwa mota, na ndogo ya 50 inayopeleka juu. Hapo unagawa tena kwa tatu. Jumla inakuwa mara sita: mishono 580 kwa dakika ukikanyaga mpaka mwisho, chini ya kumi kwa sekunde.

Kesho yake tukaenda Kamukunji, kwa jua kali, mimi na yeye. Kelele ya pale unaijua, mabati yanagongwa kutoka asubuhi. Mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza alishika karatasi yangu, akaitazama muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Huyu ni injinia?" akamuuliza Mama.

"Alikuwa," Mama akajibu.

Hivyo tu. Kisha akaanza kuteta bei.

Kwa matatu hatukuongea mpaka tulipokaribia kushuka. Nilikuwa nimekumbatia puli tatu kwa mfuko wa plastiki, bado zina joto la chuma. Nikamuuliza alijua lini.

"Uliacha kuniitisha karo," alisema, akitazama nje. "Mtoto wa chuo hasahau karo."

Sikuwa na la kusema, na hakuningoja niseme. Alimwambia makanga tunashuka.

Kufunga ilichukua siku mbili badala ya saa mbili. Mkanda wa zamani ulikuwa mrefu kupita kiasi, tukanunua miwili mifupi, mmoja ukawa mfupi mno, nikarudi dukani. Mhimili ulitetemeka mpaka tukabadilisha beringi. Nikaongeza kipande cha chuma kwa mkono wa klachi ili pedali isafiri zaidi kabla haijashika. Mama akakata kibati cha kufunika mikanda, maana alishajifunza kuhusu vidole.

Mara ya kwanza kuiwasha nilisimama nyuma yake. Mota ikanguruma vilevile, kwa hasira ileile. Akaweka kipande kimoja kati ya vile vilivyoharibika, akagusa pedali kwa ncha ya kidole cha mguu.

Tak.

Akaniangalia. Akagusa tena. Tak. Tak. Alipofika kwenye kona yenye tabaka nne alikaza mabega, akingoja ikwame au iruke. Ikapita, polepole, kama ng'ombe anayepanda mlima. Akasimama sindano ikiwa chini, akainua mguu wa mashine, akageuza ngozi, akaendelea.

"Sasa hii ni ya watu," alisema.

Tulipeleka mikoba 23, na mteja akakubali kungoja saba. Vipande vilivyoharibika tulivikata vikawa vishikio vya funguo. Mama amenipa kimoja. Kina matundu mengi upande mmoja, mstari ulioenda kombo kisha ukapotea.

Usiku ule alishona mpaka saa sita. Nilikaa kwenye kile kitanda, laptopu mapajani. Baada ya muda akauliza, bila kugeuka, hiyo ninayoandika inalipa ngapi. Nikamwambia ukweli. Akatoa sauti fulani puani.

"Na hujachoka kukimbia?"

Nikamwambia nimechoka. Akanisukumia reli ya uzi kwa mguu, nimjazie bobini. Nilijaza tatu, kisha nikarudi kwa zile mashine za vumbi. Yalikuwa yamebaki maneno 600.