Ripoti ya Muhula wa Tatu

Binti wa ndugu yetu anaishi Marekani pamoja na mumewe na watoto wao. Usiku mmoja, tumetoka kusali Isha nasi twangojea chakula, alitupigia simu. Baada ya salamu akasema, "Ami, nina mas'ala."

Mwanawe yuko darasa la nane, naye anaombewa nafasi katika shule ya kibinafsi. Shule nyingi za aina hiyo huko hupokea mtihani uitwao SSAT, wa hesabu, msamiati na ufahamu, na kwa umri wake kila sehemu hupewa alama kati ya 500 na 800. Tena huonyeshwa amewapita wangapi katika kila 100. Hao 100 si watoto wote wa nchi ile, bali ni wenziwe waombao shule kama hizo. Ndiyo maana aliye hodari darasani kwake huweza kuonekana wa kati, na mamake akafadhaika bure.

Kijana aliufanya mara mbili. Mara ya kwanza hesabu ilipanda sana, msamiati ukaanguka. Mara ya pili msamiati uliinuka, hesabu ikashuka, na jumla ikawa kubwa zaidi. Matokeo ya siku ipi yapelekwe, hilo ni hiari ya mzazi.

"Nikipeleka ya pili nikaiweka ya kwanza, si ghushi hiyo?"

Tulinyamaza, na kimya chetu hakikuwa cha kutafuta dalili. Tulikumbuka siku tuliyompeleka mwanetu katika shule moja ya kibinafsi hapa Mombasa. Mwalimu mkuu alitaka ripoti za mihula mitatu. Tulimpa mbili. Ya tatu, ambayo hesabu yake ilikuwa mbovu, tuliiacha nyumbani katika mtoto wa meza, tukasema kuwa bado haijatolewa. Tulisema hayo tumevaa kanzu na kofia, na mtoto ameketi ubavuni petu akisikia.

Alikubaliwa. Mwaka mzima madaftari yake yalirudi yamejaa wino mwekundu, naye hakututaka msaada hata siku moja. Tulipomuuliza mbona hakusema kuwa haelewi, alijibu, "Baba, nilidhani haifai kujulikana."

Basi tulimwambia binti yetu kwamba mas'ala yake si kama yetu. Wenye mtihani wameiruhusu hiari hiyo na shule zaijua, hakuna aliyedanganywa. Lakini fomu ikiuliza kijana amefanya mara ngapi, aandike mbili. Na wakati wa kuchagua wamwite akae nao, wasichague mlango umefungwa.

"Sasa ipi, Ami?"

"Ile inayofanana naye zaidi."

"Hiyo si fatwa," akasema, akacheka.

Baada ya siku tatu alipiga tena. Kijana amechagua ya kwanza, yenye jumla ndogo, kwa kuwa hesabu ndiyo aipendayo, na msamiati, asema, wamfundishe wao. Wameipeleka hivyo hivyo. Majibu yatarajiwa Machi, na mamake bado hapati usingizi.