Waziri Aliyewaogopa Ndugu Zake

Juma hili tumekuwa tukimtafakari Rekhmire, waziri mkuu wa Misri ya kale, aliyewatumikia Farao Thutmose III na mwanawe Amenhotep II katika karne ya 15 kabla ya Kristo. Kaburi lake lipo Luxor, magharibi ya mto Nile. Kutani wamechorwa watu wa Punti, Kushi na Krete wakileta tunu, na mateka wakifyatua matofali. Kisha yapo maandishi marefu yanayoeleza kazi yake.

Haikuwa kazi ndogo. Kila siku alimwamkia mfalme, akapokea taarifa ya mtunza hazina, ndipo milango ya jumba ikafunguliwa kwa amri yake. Kodi, mipaka ya mashamba na hati za urithi zilipita mikononi mwake. Shauri la shamba lililo karibu na Thebes lilipewa siku 3, la mbali miezi 2. (Kwetu yapo mashauri ya mashamba yaliyowazika wenyewe!)

Lakini kilichotuchoma ni maagizo aliyopewa siku ya kusimikwa. Farao hakumficha kwamba cheo kile ni kichungu. Alimtaka amtazame amjuaye sawasawa na asiyemjua. Kisha akamtajia waziri wa zamani, Kheti, ambaye kwa kuogopa kusemwa kuwa ana upendeleo, aliwanyima jamaa zake haki akawapa wengine. Mmoja wao alipoipinga hukumu, Kheti aliishikilia vile vile. Farao hakumsifu, alisema huko ni kupita mpaka wa haki.

Nasi tulimtambua Kheti mara moja. Miaka kadhaa iliyopita tuliongoza kamati ndogo ya kuwalipia ada watoto wasiojiweza. Jina la mpwa wetu, aliyefiwa na baba, lilikuwamo katika orodha, na walioliweka ni wajumbe wenyewe. Tulilifuta kwa kalamu yetu, asije mtu akasema Padre anawabeba wa kwao. Dada yetu alipokuja kuuliza, tulimjibu kwamba orodha imekwisha kufungwa. Wajumbe walitusifu, nasi tukazipokea sifa hizo. Binti alikaa nyumbani muhula mzima.

Siku hizi tukikutana hutuamkia kwa adabu, “Shikamoo, Padre.” Zamani alikuwa akituita mjomba.