Kijiji cha Suchdol na Watu Waliokihama



Siku moja nalikuwa nikifundisha habari za nchi za Ulaya. Ramani ilikuwa imetundikwa ukutani, nami nalikuwa nikiwaonyesha watoto mito mikubwa. Mtoto mmoja wa kike akainua mkono, akaniuliza, "Mwalimu, Moravia iko wapi?" Darasa zima likanitazama, maana katika nchi yetu ya Rungwe wengi wetu twaitwa Wamoravia tangu kubatizwa, na babu zetu waliitwa hivyo kabla yetu. Nalipeleka kijiti changu Ujerumani, nikakirudisha, nisipate pa kukiweka. Nikamwambia, "Kaa, mwanangu, nitakujibu kesho." Miaka arobaini na minane nalikuwa nimelichukua jina hilo, wala sikujua kwamba ni jina la nchi yenye milima na mito na ng'ombe.

Jibu nililomletea kesho yake lilikuwa fupi. Tangu hapo nimesoma zaidi, na leo napenda kuwasimulia habari za kijiji kimoja tu cha nchi hiyo. Jina lake ni Suchdol, na kwa kuwa kiko karibu na mto Odra, huitwa Suchdol nad Odrou, yaani Suchdol cha Odra.

Moravia ni sehemu ya mashariki ya Ucheki, nchi iliyo katikati ya Ulaya, isiyopakana na bahari. Jina lake limetokana na mto Morava. Upande wa kaskazini wa Moravia pana uwazi kati ya safu mbili za milima: magharibi iko milima ya Sudeti, na mashariki iko milima ya Karpati. Uwazi huo huitwa Lango la Moravia. Tangu kale watu wa kusini na watu wa kaskazini wamepita hapo: wachuuzi wa kaharabu, majeshi ya wafalme, na tangu mwaka 1847 gari la moshi litokalo Vienna. Mahali penye kugawanya maji katika lango hilo ni kama mita 310 tu juu ya bahari. Nasi hapa Tukuyu twakaa juu ya mita 1,500. Mvua inyeshayo upande mmoja huingia mto Odra, ikaenda hata bahari ya Baltiki. Inyeshayo upande wa pili huingia mto Bečva, kisha Morava, kisha Danube, hata Bahari Nyeusi. Hivyo matone mawili yaangukayo karibu karibu hutengana yasionane tena.

Suchdol kiko upande wa Odra, kusini-magharibi ya mji wa Ostrava. Jina lake maana yake ni bonde kavu, lakini nchi iliyo karibu nacho ina malisho yenye majimaji na mabwawa ya samaki, na mwezi wa Julai 1997 mto Odra ulifurika ukaharibu mengi katika nchi zake. Wajerumani waliokaa huko zamani waliiita nchi ile Kuhländchen, yaani kinchi cha ng'ombe. Naliposoma neno hilo nalicheka peke yangu, maana sisi nasi tu watu wa ng'ombe. Kijiji chenyewe kina watu wasiofika 3,000. Si mbali na hapo, katika kijiji cha Hynčice, alizaliwa Gregor Mendel mwaka 1822, yule mtawa aliyepanda njegere bustanini akagundua jinsi watoto wa mimea wanavyorithi sura za wazazi wao.

Sasa nirudi nyuma. Mwaka 1415 Jan Hus, mhubiri wa Praha, alichomwa moto kwa ajili ya mafundisho yake. Mwaka 1457 baadhi ya watu waliofuata njia yake walikusanyika katika kijiji cha Kunvald huko Bohemia, wakaanzisha Umoja wa Ndugu. Baadaye kidogo Wakristo walioitwa Wavaldo, wenye kusema Kijerumani, walifukuzwa kwao wakaja kukaa karibu na mji wa Fulnek na vijiji vyake, Suchdol kikiwa kimojawapo, wakajiunga na Ndugu. Toka mwaka 1618 hata 1621 mchungaji na mwalimu wao huko Fulnek alikuwa Jan Amos Comenius, ambaye walimu wa dunia nzima wanamheshimu mpaka leo. Lakini mwaka 1620 jeshi la kaisari lilishinda vitani karibu na Praha, na baada ya hapo dini ya kaisari peke yake ndiyo iliyoruhusiwa. Comenius alipoteza nyumba na vitabu, na mkewe na watoto wake wawili wakafa kwa tauni. Mwaka 1628 akaihama nchi yake, asirudi tena.

Wenye mali na vyeo waliweza kuhama. Mkulima hakuweza, maana alifungwa na ardhi ya bwana wake, na kuondoka pasipo ruhusa kulikuwa kosa la kuadhibiwa. Basi watu wa Suchdol walibaki. Kwa muda wa miaka mia waliingia kanisa waliloamriwa, na usiku walifunga milango wakasoma vitabu walivyovificha. Bibi aliwafundisha wajukuu nyimbo kwa sauti ndogo. Wasomaji wangu, miaka mia si michache. Ni watu wanaozaliwa, wakazeeka, wakazikwa, wasiwahi kuimba kwa sauti kubwa.

Mwaka 1722 seremala mmoja wa Moravia, Christian David, aliongoza jamaa chache za nchi ile mpaka Saxonia, katika ardhi ya Bwana Zinzendorf, na huko wakaanza kujenga kijiji cha Herrnhut. Habari hizo zilifika Suchdol. Vijana watano wakaanza kukusanya watu na kuomba waziwazi. Watatu wao waliitwa kwa jina moja, David Nitschmann. Wa nne alikuwa Melchior Zeisberger, na wa tano Johann Töltschig. Wote walikuwa wana wa watu wenye mali.

Sasa jumbe wa kijiji alikuwa nani? Alikuwa babaye huyo Johann Töltschig. Mzee huyo aliwaita vijana, akawakataza mikutano yao, akawaambia waende vilabuni na ngomani kama vijana wengine, na ya kwamba wasifikiri kabisa habari ya kutoroka, maana wataadhibiwa vikali. Usiku wa tarehe 2 Mei 1724 wakaondoka. Yasimuliwa kwamba nje ya kijiji walipiga magoti wakawaombea waliobaki, kisha wakaimba wimbo wa wakimbizi wa miaka mia iliyotangulia. Walikwenda kwa miguu siku kumi, wakafika Herrnhut tarehe 12 Mei.

Nalipofika hapa katika kusoma, nalifunga kitabu. Hapana budi niwaambie sababu yake. Mwanangu wa pili aliondoka nyumbani alfajiri moja kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi ya kuchomea vyuma. Nalikuwa nimemkataza mara tatu, maana nalitaka ashike shamba la chai na ng'ombe. Tangu siku ile nalikuwa sijasema naye, na mama yake aliponiletea habari zake naligeuza maneno. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Basi naliposoma habari za wale vijana, wasomaji wengine watajiona pamoja nao njiani, wakiimba. Mimi nalijiona katika mlango wa yule mzee, asubuhi, mbele ya kitanda kitupu.

Sisemi kwamba mwanangu ni sawa na wale watano. Wao waliondoka kwa ajili ya dhamiri, yeye kwa ajili ya riziki. Tena sisemi kwamba mzee yule alikuwa mtu mbaya. Alikuwa jumbe, kama vijana wakitoroka, ni yeye atakayeulizwa na bwana wa ardhi. Nadhani alidhani anamlinda mwanawe, kama nilivyodhani mimi. Lakini mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima hazuiliki kwa amri kama ng'ombe azuiliwavyo kwa zizi.

Tazameni waliokwenda. David Nitschmann mmoja alirudi Moravia, akashikwa, akafa gerezani katika mji wa Olomouc mwaka 1729. Wa pili, aliyekuwa seremala, alisafiri mwaka 1732 pamoja na Leonhard Dober mpaka kisiwa cha St. Thomas, kuwahubiri watumwa Waafrika. Hao ndio wajumbe wa kwanza wa Herrnhut kwenda nchi za mbali. Mwaka 1735 aliwekewa mikono kuwa askofu, na aliyemwekea mikono ni Daniel Ernst Jablonski, mjukuu wa Comenius. Na mtoto mwingine wa Suchdol, David Zeisberger, aliyezaliwa mwaka 1721, alikaa zaidi ya miaka sitini kati ya Wahindi wa Amerika waitwao Lenape, akajifunza lugha yao, na mwaka 1776 kitabu chake cha kuwafundisha kusoma kilipigwa chapa. Hata sisi, mwaka 1891 wajumbe wa kanisa hilo walifika Rungwe. Leo Wamoravia wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote.

Je, Suchdol kilipatwa na nini? Waliobaki waliendelea kulima na kufuga, wakisema Kijerumani, miaka mia mbili na zaidi. Mwaka 1938 Hitler alitwaa nchi ile. Vita ilipokwisha mwaka 1945, Wacheki waliyakumbuka mateso yao, na Wajerumani wa Ucheki, wapata milioni tatu, wakaondolewa, wenye hatia na wasio na hatia pamoja. Hivyo watu wa Suchdol nao walibeba mizigo yao wakapelekwa Ujerumani. Wale watano wa kwanza waliondoka wakikatazwa kuondoka. Hawa wa mwisho waliondoka wakikatazwa kubaki. Wacheki wa mahali pengine wakaja kukaa katika nyumba zao.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Leo kijijini pana makumbusho ya Ndugu wa Moravia, na wanaoyatunza hawana ukoo na akina Nitschmann wala Zeisberger. Wanakumbuka habari za watu wasio wa damu yao, kwa sababu wamekaa katika nchi yao. Nasi tunalichukua jina la nchi tusiyoiona, kwa sababu watu wake walikuja kwetu. Kama mgeni aweza kuyahifadhi mambo ya kijiji hivi, kwa nini mzazi ashindwe kumhifadhi mwana aliye mbali?

Jioni ile nalimpigia simu mwanangu. Nalikuwa nimetengeneza maneno mengi, yote yakanitoka. Akaniamkia, akanyamaza, kisha akauliza, "Baba, ng'ombe hawajambo?" Nikamjibu kwamba hawajambo, na yule mwekundu amezaa. Tukazungumza habari za ndama, na mara mama yake akaninyang'anya simu.

Wenzangu walimu, mtoto akiwauliza swali msilolijua, msione haya kusema "kesho". Na wenzangu wazazi, mtoto wenu akiazimu safari, mwambieni ukweli wa njia, mpeni chakula cha njiani, wala msimwache aondoke usiku.