Kicheko Changu cha Mwaka 2004

Januari 2004 nilikuwa na miaka 25, cherehani moja na kibanda Huruma, hapa Eldoret, nikishona sare za shule. Kazi ilikuwa tele, maana serikali ilikuwa imefuta karo ya shule za msingi mwaka mmoja kabla na madarasa yalikuwa yamefurika. Ndipo tukasikia kwamba mzee wa miaka 84, Kimani Maruge, ameandikishwa darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, mjini humu humu. Picha zikatoka: kaptula, soksi ndefu, sweta, ameketi katikati ya watoto wa rika la vitukuu vyake. Wateja wangu walicheka. Nikacheka nao, na mpaka leo kicheko kile kinaniuma.

Kinaniuma kwa sababu nilikuwa na barua sandukuni. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 1997 nilipata C, chuo cha ualimu kikaniita, pesa zikakosekana. Mama aliniambia, "Anza na cherehani, mwanangu, masomo yatakuja." Hayakuja. Nilishonea watoto wa watu, nikasomesha wangu, na habari ya chuo sikuitaja tena.

Agosti 2022, wiki ile ya kungoja matokeo ya urais, kibanda kilikuwa kimefungwa. Sisi wa Eldoret tuliokuwapo wakati wa uchaguzi wa mwaka 2007 na ghasia zilizoufuata tunajua kungoja kwa namna hiyo. Kifungua mimba wangu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi, aliniona nikihangaika dirishani, akafungua laptopu. "Mama, njoo ucheke kidogo."

Ilikuwa Life of the Party, komedi ya Marekani ya mwaka 2018. Melissa McCarthy ni Deanna, mama anayeachwa na mumewe siku ile ile wanapompeleka binti yao chuoni. Alikuwa ameacha masomo yake ya akiolojia ukiwa umebaki mwaka mmoja tu. Basi anarudi kumalizia, na tena katika chuo hicho hicho cha binti yake! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha ikafika zamu ya Deanna kuzungumza mbele ya darasa. Jasho likamtiririka, miguu ikamlegea. Binti yangu aliendelea kucheka, mimi nikanyamaza. Mwanamke yule alikuwa anaogopa kitu kile kile ninachokiogopa.

Filamu ilipoisha nikamwuliza, "Ningekuwa mimi, ungeona haya?"

Alinitazama. "Haya ya nini, Mama? Barua yako niliisoma nikiwa darasa la sita."

Usiku ule nilimfikiria Maruge. Alienda shule kwa kuwa alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mwaka 2005 alipanda ndege hadi New York kuuambia Umoja wa Mataifa kuhusu elimu ya bure. Ghasia zile za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipomharibia makazi, alilala katika kambi ya wakimbizi, kilomita nne hivi kutoka shuleni, na bado akaenda darasani. Alifariki Agosti 2009, mwaka mmoja kabla ya filamu ya maisha yake, The First Grader, kutoka. Sikuwahi kwenda kumwomba radhi, na kutoka kibandani kwangu hadi shuleni kwake si safari ya kutwa.

Januari 2023 nilijiandikisha kwa stashahada ya elimu ya watoto wadogo. Karani mmoja aliuliza kama nimekuja kumlipia mtoto karo. Nilimjibu kwamba mwanafunzi ni mimi, na sauti yangu haikutetemeka. Wenzangu darasani waliniita Mum tangu wiki ya kwanza. Wao walinifundisha kupanga maandishi kwenye kompyuta, nami niliwarekebishia zipu na pindo za suruali.

Muhula wa pili zamu yangu ya kuwasilisha kazi ikafika. Nilikuwa nimebeba kaptula ndogo ya mtoto wa miaka minne niliyoishona mwenyewe, ya kiuno cha mpira, bila zipu. Nilitaka kueleza jinsi mtoto anayeweza kujivua mwenyewe anavyojifunza kwenda chooni bila kumwita mwalimu. Jasho lilikuja, kama la Deanna. Nikashika ile kaptula kwa mikono miwili, nikaanza na jina langu. Nilizungumza dakika kumi na mbili. Kijana mmoja nyuma akainua mkono, akauliza swali, nikalijibu.