Mombasa Wakati wa Kaskazi

Mtu wa bara ashukaye Mombasa katika mwezi wa Februari hulakiwa kwanza na joto. Upepo wa kaskazi, ambao huanza kuvuma mnamo mwezi wa Desemba, huwa umekwisha kulegea, na mvua ya masika ingali mbali. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, wala usiku halipungui sana, kwa kuwa kisiwa kimezungukwa na maji ya chumvi na hewa imejaa unyevu. Mgeni hutafuta kivuli na kulalamika. Mwenyeji hubadili saa zake. Kazi nzito huifanya asubuhi na mapema, adhuhuri hupumzika, na ifikapo alasiri, kivuli cha nyumba kinapoanza kufunika njia, hutoka nje akaketi barazani.

Atakaye kuujua mji huu na auanzie hapo barazani. Katika Mji wa Kale, karibu na ngome ya Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, njia nyingi ni nyembamba hata watu wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Wajenzi wa zamani hawakufanya hivyo kwa ujinga. Njia nyembamba hupata kivuli kwa muda mrefu wa mchana, na kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa huzuia joto lisipenye upesi. Mbele ya nyumba, ubavuni mwa mlango, pamejengwa kiti kirefu cha mawe kilichoshikamana na ukuta. Hilo ndilo baraza. Ni mali ya mwenye nyumba, lakini hukaliwa na mtaa mzima. Mzee aliyestaafu kazi ya bandarini hupumzika hapo. Fundi wa cherehani husogeza kazi yake hapo apate hewa. Muuza kahawa apitaye na dele lake la shaba, akigonganisha vikombe ili asikiwe, ajua kwamba hapo hakosi wanunuzi. Kijana apitaye bila ya kuwaamkia wazee huulizwa kesho yake kama yu mgonjwa. Wanawake nao wana mikutano yao ukumbini na uani, na mambo yazungumzwayo huko aghalabu hufika barazani yakiwa yamekwisha kuamuliwa.

Zamani kaskazi ndiyo iliyokuwa posta ya mwambao huu. Majahazi ya Arabuni, ya Ghuba ya Uajemi na ya Bara Hindi yalikuja kwa upepo huo, yamepakia tende, samaki wakavu na mazulia. Na kusi iliposhika, tangu Aprili, yakarudi na boriti za mikoko. Pamoja na shehena zililetwa habari: bei za bidhaa, harusi na misiba, vita na sulubu za dunia. Lakini habari zile zilikuwa na mwenyewe. Nahodha aliyezileta alikuwa ameketi papo hapo, kikombe mkononi, na aliweza kuulizwa: Je, uliona kwa macho yako, au uliambiwa? Aliyekuambia ni nani, naye anapata faida gani? Na kwa kuwa nahodha alitazamia kurudi mwaka wa pili, aliogopa kuitwa mwongo. Biashara ile ya majahazi ilipungua sana katika miaka ya 1960 na baadaye, vyombo vya injini vilipochukua mahali pake. Desturi ya kumwuliza mleta habari, hata hivyo, haikuondoka na matanga.

Katika msimu wa joto neno la kwanza barazani ni maji. Kisiwa cha Mombasa hakina mto. Visima vipo, lakini vingi vina maji ya chumvichumvi, yafaayo kufulia na kuoshea vyombo tu. Mifereji ikikauka, mikokoteni ya wauza maji hupita mitaani imepanga madumu ya lita 20, na mama wa nyumba hulazimika kuhesabu madumu kama ahesabuvyo shilingi. Ndipo jirani mwenye tangi hujulikana tabia yake. Yuko afungaye lango, na yuko atoaye mpira nje akawaambia watoto wa mtaa walete ndoo. Mambo hayo hayasahauliki upesi.

Wengine, wapatapo shida hiyo, hutupa lawama ovyo. Lakini barazani hakosekani mtu aliyefanya kazi ya mabomba, naye hueleza maji hayo yatokako. Sehemu yake hutoka chemchemi za Marere, katika vilima vya Shimba. Sehemu nyingine hutoka Mzima, ndani ya mbuga ya Tsavo, kwa bomba lenye urefu wa kilomita 220 hivi, lililomalizika mwaka 1957. Maji ya Mzima ni mvua iliyonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ikazama katika mawe ya volkeno, ikasafiri chini ya ardhi, ikatokea tena safi. Nayo maji ya Baricho huvutwa kutoka katika mchanga wa mto Sabaki, na Sabaki ni ule ule mto Athi, ambao vijito vyake huanzia pande za Nairobi na Kiambu, ukapita Ukambani, ukakutana na mto Tsavo, ukaitwa Galana, na kubadili jina tena karibu na pwani.

Maelezo hayo huwafaa wakulima kama yawafaavyo watu wa mjini. Mkulima wa milima ya Machakos alimaye bila ya matuta hupoteza udongo wake, na udongo huo hauishii bondeni. Mtu asimamaye pwani ya Malindi baada ya mvua kubwa za bara huiona bahari imegeuka rangi ya matofali. Hilo ni shamba la mtu. Kadhalika watu wa Taita Taveta, ambao chemchemi ya Mzima imo katika kaunti yao, wamelalamika miaka mingi kwamba bomba lapita kwao likiwaacha na kiu. Mtu wa Mombasa asikiapo hayo, hata kama mfereji wake mwenyewe umekauka, hujifunza kwamba maji ayanywayo yana wenyewe wengine, na kwamba ndoo aliyoikosa leo yaweza kuwa imekoseka kwao tangu juzi.

Neno la pili ni kazi. Mombasa huishi kwa bandari yake. Reli ya zamani ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1896. Reli mpya ya kwenda Nairobi ilifunguliwa tarehe 31 Mei 2017, na abiria aliyekuwa akilala njiani akaanza kufika kwa saa tano au sita. Wengi waliifurahia. Lakini mwaka 2019 ilipotolewa amri kwamba mizigo iendayo Nairobi ichukuliwe kwa reli na kushughulikiwa huko bara, wenye malori, matingo, mafundi wa magurudumu na mama wauza chakula njiani waliona riziki yao inaondoka, wakaandamana. Mwezi wa Septemba 2022 Rais William Ruto, siku ya kuapishwa kwake, alitangaza kwamba kazi ya kutoa mizigo itarudishwa Mombasa. Barazani jambo hilo lilikuwa na pande mbili. Baba aliyemsomesha mwanawe kwa mshahara wa lori hakusema sawasawa na mfanya biashara aliyetaka mzigo wake ufike upesi, na wote wawili walikuwa wamekaa jiwe moja. Kila mmoja ilimbidi amsikilize mwenziwe mpaka mwisho, kwa sababu kesho yake watakutana tena msikitini, kanisani au sokoni.

Hapo ndipo ilipo faida kubwa ya baraza, nayo huonekana zaidi siku za hatari. Mwaka 1997, mwaka wa uchaguzi mkuu, zilisambazwa pwani karatasi zisizo na jina la mwandishi, zikiwaambia watu wa bara waondoke. Tarehe 13 Agosti kundi la watu wenye silaha lilishambulia kituo cha polisi cha Likoni, ng'ambo ya kivuko, likaua askari na kuchukua bunduki. Katika siku na majuma yaliyofuata nyumba na vibanda vilichomwa moto, watu zaidi ya 100 wakauawa, na maelfu kwa maelfu wakayakimbia makazi yao. Wengi walijisitiri katika kanisa Katoliki la Likoni. Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilichunguza mambo hayo pamoja na mapigano ya sehemu nyingine za nchi. Hasara haikuwapata watu wa bara peke yao. Watalii waliacha kuja, mahoteli yakakosa wageni, na Mdigo na Mluo waliokuwa wakifanya kazi jiko moja wakaachishwa kazi siku moja.

Yafaa kukumbuka jinsi shari ile ilivyotanguliwa na maneno yasiyo na mwenyewe. Karatasi haikunywa kahawa na mtu. Haikuweza kuulizwa imetoka wapi, wala nani atapata faida jirani akifukuzwa. Aliyeisoma peke yake usiku, akaamini au akaogopa, alikuwa amekwisha kushindwa kabla ya kukucha.

Jambo kama hilo, lakini la namna nyingine, lilionekana mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona. Kuanzia tarehe 6 Mei serikali iliufunga Mji wa Kale. Mtu asitoke wala asiingie, masoko na mikahawa ikafungwa. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Amri hiyo ilidumu hadi mapema mwezi wa Juni, na mabaraza, ambayo hayakosi watu baada ya futari, yalibaki matupu. Wengine waliogopa kupimwa, wakihofu kutengwa mbali na jamaa zao. Simu za mkononi nazo hazikufungwa. Usiku kucha zilileta dawa za uongo na habari za kutisha, na hapakuwa na mzee wa kumwuliza mletaji: uliona, au uliambiwa?

Wapenda uvumi hujitetea kwa methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini Waswahili wana nyingine iliyo kali zaidi: msema pweke hakosi. Maana yake, asemaye peke yake hana wa kumpinga, kwa hiyo hujiona yu sahihi daima. Simu ni msema pweke mkubwa. Huleta habari za majira yote, haingoji kaskazi wala kusi. Lakini nahodha wake haonekani, na akisema uongo hana mtaa wa kuonea haya.

Siku hizi nyumba nyingi mpya za Mombasa ni za ghorofa. Zina lango na mlinzi, baraza hazina. Watu hukaa miaka mitatu ukuta kwa ukuta wasijuane majina, na mwenye nyumba ya juu hujua habari za Marekani kabla ya kujua kwamba jirani wa chini amefiwa. Hakuna awezaye kuzuia ghorofa zisijengwe, kwani watu wameongezeka. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Walakini jiwe silo lililofanya baraza. Wako vijana wa mitaa ya ghorofa ambao huweka mabao ya mbao chini ya mwarobaini, wakacheza dhumna na kuzungumza, na muuza kahawa amekwisha kuwajua.

Hata huko bara kila kijiji kina mahali pake pa namna hii: kivulini mwa mti, penye mizani ya majani ya chai, kiwandani kwa kahawa siku ya malipo, au nje ya ofisi saa ya mapumziko. Mahali hapo pasidharauliwe kwamba ni pa wavivu. Mkulima aambiwaye kwamba bei itaanguka, karani aambiwaye kwamba kabila fulani linataka kazi yake, mama aambiwaye kwamba sindano ya watoto ina sumu, wote wana haja na yale maswali aliyoulizwa nahodha. Habari ya kweli haiogopi kuulizwa mbele ya watu. Ile ya uongo hupenda kusomwa kimya, mlango umefungwa, kila mtu peke yake. Basi na apewe kiti kila aletaye habari, na kikombe cha kahawa pia. Lakini asiondoke kabla hajajibu.