Namba Isiyo na Wazazi

Miongoni mwa istilahi za hisabati tunazofundishwa tangu shule ya msingi, ipo moja ambayo katika miaka yote ya ualimu wangu sikupata kuiridhia: namba tasa. Hiyo ni namba nzima iliyo zaidi ya 1, isiyogawanyika bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, na kuendelea bila kikomo.

Tasa ni neno zito. Hapa Ngarenaro, kama kwingineko, husemwa kwa mnong'ono, na anayesemwa karibu siku zote ni mwanamke. Mwalimu mwenzangu wa hisabati, ambaye hakujaliwa mtoto, alilazimika kulitamka kila mwaka mbele ya Kidato cha Kwanza, na vicheko vya chini chini havikukosekana. Alivingoja vinyamaze, kisha akaandika ubaoni: 14, 21, 28, 35. "Hawa ni watoto wa nani?"

Swali hilo latosha kuiangusha istilahi yetu. Tukifananisha kuzidisha na kuzaa, vigawe ndio watoto na vigawo ndio wazazi. Basi 7 ina watoto wasio na idadi. Inachokosa ni wazazi, kwa kuwa hakuna namba mbili ndogo kuliko yenyewe zinazozidishana zikaizaa. Namba 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, ni 7 mara 281. Wazazi hao wawili wenyewe hawana wazazi. Kila namba nzima iliyo zaidi ya 1, kama si tasa, imejengwa kwa namba tasa, tena kwa namna moja tu. Tumemwita mgumba yule aliye chimbuko la ukoo.

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimegunduliwa hadi wakati huo, kazi ya Mmarekani Luke Durant: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika 3,000 katika kila ukurasa, utajaza kurasa zaidi ya 13,600. Namba tasa za umbo hili hupewa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa wa karne ya 17. Tangu kale Euclid alithibitisha kwamba kila moja yao huzaa namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Namba 7 ni ya umbo hilo. Mara 4 huzaa 28, na 1, 2, 4, 7 na 14 jumla yake ni 28. Lile jitu la tarakimu milioni 41 nalo lina mtoto wake kamilifu.

Kwa Kiarabu namba hizi huitwa za awali, na jina la Kiingereza lina asili ya Kilatini yenye maana hiyohiyo. Shufwa na witiri tulizipokea kutoka kwa Waarabu bila taabu. Napendekeza kwa BAKITA, na kwenu wasomaji: namba awali. Mwenye neno bora alilete, tulipime.