Chiungutwa: Bustani Ikae Karibu na Jiko

Chiungutwa, wilayani Masasi, mkulima ana wageni wa zamu mbili: mchana ngedere, usiku nguruwe pori wanaofukua mihogo. Mashamba ya mbali hulindwa kutoka dunguni, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, kwa kupiga madebe na kuwasha moto.

Kulala huko kuna hatari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha simba waliua Watanzania zaidi ya 560 tangu 1990, hasa msimu wa mavuno. Lindi, mkoa jirani, uliumia sana, na nguruwe ndio huwavuta simba mashambani.

Kwa hiyo mchicha, bamia na matembele vipandwe nyuma ya jiko, vizungushiwe uzio wa miiba, mbwa alale hapo. Na mzazi, usimpeleke mtoto dunguni usiku.